Aliyetangulia Kufika

Bisha. Nakwambia bisha mapema kabla sijafika mbali, maana wabishi nawajua: husikiliza wakicheka, halafu giza likiingia wanaomba wasindikizwe chooni. Sema majini hayapo. Sema ni uchovu wa msiba, sema kijana alikuwa na wenge. Ukimaliza kusema, nijibu hili moja: mtu anawezaje kufika kwao jioni, akamshika baba yake mkono mpaka roho ikatoka, kisha kesho yake asubuhi akateremka kwenye teksi mlangoni pale pale, begi begani, anahema, ndio kwanza anafika?

Basi kaa vizuri.

Kijana mwenyewe walimwita Kapteni, na hajawahi kurusha hata tiara. Jina alilipata barazani kwa baba yake, fundi cherehani, kwa sababu tangu utotoni ndege ikipita juu anaacha kula ili awaambie watu inakwenda wapi na itafika baada ya muda gani, na alikuwa anasema kwa uhakika hata watu wazima wanaitikia. Shule aliikimbia mapema akidai walimu wanamchelewesha. Mdomo aliokuwa nao ungekuuzia kivuli chako mwenyewe, na ukashukuru.

Kazi yake ilikuwa kupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa mji mkubwa. Kutoka uwanja ule mpaka uwanja wa kwao ni dakika hamsini za angani. Wahudumu hawajamaliza kugawa maji, rubani keshatangaza mfunge mikanda.

Nyumbani walijua yuko ng'ambo. Masaa tisa angani, bila kutua popote.

Alipoondoka aliondoka kweli kwenda ng'ambo. Baba alimshonea koti zito la baridi, bitana mbili, mifuko ya ndani, vifungo alivitafuta mji mzima. Kapteni akafika uwanja wa mji mkubwa, akagundua wakala aliyemtengenezea karatasi za safari kazima simu, na karatasi zenyewe ni za kuwashia jiko. Angeweza kurudi siku ile ile. Lakini arudi vipi na koti lile begani, apite mbele ya baraza alikoagwa kwa vifijo, wamuulize, "Kapteni, umeshatua?" Aibu ikamkaba. Akasema atakaa mwezi mmoja ajipange. Akapata kazi ya kupakia mizigo, na mwezi ule ukawa miaka.

Simu za nyumbani alipiga kwa mtandao, ambako hakuna anayejua umesimama wapi. Akiulizwa hali ya hewa anajibu theluji, huku jasho linamchuruzika mpaka kwenye soksi. Baba naye akanunua ramani ya dunia, akaibandika ukutani juu ya cherehani, na kila mteja aliyekuja kupimwa suruali lazima aonyeshwe. Mzee alikuwa anavua futi yake ya shingoni, anaitandaza juu ya bahari na milima.

"Sisi tuko hapa. Mwanangu yuko huku. Masaa tisa kwa ndege, na hapo ndege inakimbia, siyo inatembea."

"Mbali," mteja anaitikia.

"Mbali sana," mzee anasema kwa raha, kama vile umbali wenyewe kaushona yeye.

Sasa, kazi ya kupakia mizigo inamfundisha mtu vitu ambavyo abiria hawavijui. Ndege iliyotoka mbali ikifunguliwa tumbo, mabegi hutoka na baridi ya kuuma mifupa, kwa kuwa yamelala muda mrefu huko juu kusikokaa mtu. Ya safari fupi hutoka na uvuguvugu, kama yametolewa chumba cha pili. Kapteni alikuwa anafumba macho, anagusa begi, anataja lilikotoka. Wenzake walimbishia kila siku, na kila siku walishindwa.

Mchana mmoja dada yake mkubwa akapiga.

"We Kapteni, uko wapi?"

"Kazini, dada. Mbona sauti yako hivyo?"

"Baba kaanguka. Daktari katoka hapa sasa hivi, anasema tusimsumbue kumpeleka popote, tuwaite watoto." Akavuta pua. "Watoto wenyewe ni mimi na wewe. Anakuulizia. Utafika lini?"

Mbele ya Kapteni, ndege ya kwenda mji wa kwao ilikuwa imesimama tumbo wazi, inasubiri mizigo. Angenyoosha mkono angeigusa.

"Ya huku inaondoka jioni," akasema. "Na ni masaa tisa, dada, unajua mwenyewe. Nitafika asubuhi."

"Asubuhi." Dada akalirudia neno. "Haya. Ngoja nimwambie ajikaze."

Kapteni akafika asubuhi, kama alivyosema.

Aliposhuka kwenye teksi aliona viti vimepangwa nje na watu wamekaa wameinama. Hakuhitaji kuambiwa. Akaangusha begi, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia. Na hapo ndipo alipoona kitu hakijakaa sawa: hakuna aliyekurupuka. Hakuna aliyekimbia kumpokea. Watu walimtazama kwa upole tu, kama wanavyomtazama mtu anayelia mara ya pili.

Kinyozi, jirani yao, akamshika bega. "Pole tena, Kapteni. Si ulisema unajilaza kidogo?"

"Nani alisema?"

Kinyozi akamtazama kwa huruma. Dada akatoka ndani na sinia la vikombe, akasita. "Umetokea wapi wewe? Nimepita chumbani kwako sasa hivi umejifunika gubigubi."

Mama alikuwa amekaa sebuleni katikati ya wanawake, macho yamevimba, lakini usoni kulikuwa na utulivu ambao Kapteni hakuutegemea. Akamwita akae karibu yake.

"Huyu hapa mwanangu," akawaambia wanawake. "Nilikuwa nawasimulia. Tuliambiwa atafika asubuhi, tukamwomba Mungu amshikilie mzee mpaka asubuhi. Kumbe mtoto kafanya njia zake, jua linazama huyu kaingia, hata koti hakuvua. Akamshika baba yake mkono. Hakuuachia mpaka mwisho. Marehemu alimwambia, 'Mwanangu, umetoka mbali kweli, mikono yako ingali na baridi ya huko juu.' Hakusema neno jingine. Kaenda anatabasamu."

Wanawake wakaguna kwa huzuni nzuri. Mmoja akasema, "Watoto wa hivi siku hizi wako wapi?"

Msikilizaji wangu, hapa palitosha neno moja. Kapteni angesema, mama, sikuwa mimi. Ulimi ule uliokuwa unaongea mpaka usingizini, siku hiyo ulikuwa na kitu kimoja tu cha kusema. Lakini nyuso zote zile zilikuwa zinamtazama kama mtu wa maana, na hakuna aliyewahi kumtazama hivyo tangu azaliwe. Tena ile furaha ndogo usoni mwa mama ilikuwa ndiyo mali pekee aliyobakiwa nayo.

"Ndiyo, mama," akasema. "Njia ilikuwa ndefu."

Chumbani kwake, nyuma ya mlango uliofungwa, kitanda kikalia, kama vile mtu aliyekuwa amelala kwa wasiwasi sasa kajigeuza na usingizi umemkolea.

Alipopata ujasiri wa kufungua, chumba kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa na umbo la mtu, limelowa, na lilikuwa la baridi kama sakafu. Chini ya kitanda palikuwa na begi jeusi. Lilikuwa begi lake: magurudumu yale yale, mfuko wa mbele umechanika pale pale. Na begi lake alikuwa kaliangusha nje mlangoni, lingali pale, alikuwa analiona kupitia dirishani.

Akaligusa, kwa mazoea tu ya kazi. Vidole vikamganda. Vidole vile vilivyojua viwanja vyote havikuujua uwanja lilikotoka begi hili. Masaa tisa ni mchezo. Begi lile lilitoka mbali kuliko ndege zinakoweza kwenda na kurudi.

Wakazika. Makaburini alipoinama kushika koleo, mtu akamnong'oneza, "Umeshatia udongo wewe, Kapteni, waachie na wengine." Akalirudisha.

Tangu siku hiyo hakuwahi kufika mahali akawa wa kwanza. Akienda dukani, muuza duka anashangaa: "Sukari si umechukua sasa hivi?" Akienda kwa mama mkubwa, dada wa mama yake, anakuta sahani imeshaoshwa na anaambiwa, "Umesahau nini, baba?" Siku moja alikwenda kunyolewa. Kinyozi akacheka.

"Nimekunyoa asubuhi, Kapteni. Unataka nikunyoe fuvu?"

Kapteni akavua kofia. Nywele zilikuwa zimejaa, hazijaguswa tangu kabla ya msiba. Kicheko cha kinyozi kikafia mdomoni. Akazitazama, akatazama sakafuni, penye mafungu ya nywele alizokata asubuhi, nyeusi kama hizi, akayasukuma kwa mguu mpaka kwenye kona.

"Zinaota haraka," akasema polepole. "Sasa... njoo siku nyingine, bwana. Leo wembe wangu si mzuri."

Mbaya zaidi ilikuwa mchana, ule wakati wa jua kali ambapo nyumba nzima imejinyoosha na hata mbwa hawabweki. Mchana cherehani ya marehemu ilikuwa inaanza kushona yenyewe kule barazani, taratibu, kama mtu anayejifunza, na harufu ya mafuta ya ndege yaliyoungua, harufu ambayo Kapteni aliijua kuliko jasho lake, ilikuwa inaingia chini ya milango na kukaa kwenye mapazia. Halafu yanasikika magurudumu. Magurudumu ya begi yakiburutwa ukumbini, ta-ta-ta-ta juu ya viungo vya vigae, yanapita mlango wake bila kusimama, yanakwenda mpaka chumba cha mama.

Mara ya kwanza alijifunika shuka. Mara ya pili pia, na usimcheke, wewe ungehama. Lakini mchana uliofuata alisikia sauti ya mama ikiongea kwa upole mule ndani, ikinyamaza kama inayosubiri jibu, ikiongea tena, na akainuka na kutembea kwa vidole vya miguu akipapasa ukuta uliokuwa wa moto huku kwake na ukizidi kuwa wa baridi kila alivyosogea, mpaka alipofika mlangoni kiganja chake kikawa kinanata kwenye rangi kama ulimi unavyonata kwenye barafu, akasukuma mlango kidogo sana, akachungulia, akaona mgongo wake mwenyewe. Ulikuwa umekaa kwenye kiti kando ya kitanda, umevaa koti lile zito alilolishona baba, koti ambalo yeye alikuwa kaligeuza godoro kwenye kibanda cha wapakiaji na halikuwa na vifungo tena, na hapa vifungo vyote vilikuwepo, vinang'aa. Kichwa kimenyolewa vizuri. Na mkono wa mama uko kati ya mikono miwili iliyokuwa myeupe kwa barafu mpaka kwenye kucha, na mama katabasamu, kafumba macho, anatetemeka kuanzia mabegani.

Kile kitu hakikugeuka. Kikasema kwa sauti ya Kapteni, sauti ya kwenye simu, yenye ule umbali aliokuwa anauigiza:

"Bado uko njiani?"

Akarudi kinyumenyume mpaka chumbani kwake. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi?

Mama akaanza kuumwa. Haikuwa homa, ilikuwa kinyume cha homa. Mwili ulipoa. Katika joto lile lililokuwa linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika, mama alikuwa anajifunika mablanketi na kuomba jingine. Daktari akaja, akapima, akatikisa kipimo chake akidhani kimeharibika, akapima tena. Akaandika dawa za kuongeza damu, akaondoka akijifuta mikono kwenye suruali.

"Kapteni," dada akamwambia ukumbini, "mpunguzie mama. Mchana kutwa umemkalia, umemshika mkono. Mikono yako inamtoa joto. Tangu utoke huko kwenye theluji hujapata moto."

"Si mimi ninayemkalia."

"Nani basi?"

"Basi, dada. Nitampunguzia."

Kesho yake mchana Kapteni alikuwa uani anafua. Dada akatoka chumbani kwa mama na beseni la maji, akiongea kwa kugeuza kichwa nyuma: "Haya, msogezee mto kidogo, mdogo wangu, mimi namwaga haya narudi." Akageuka mbele. Akamwona Kapteni, povu mpaka kwenye viwiko.

Beseni likaanguka.

Hakupiga kelele, dada yule. Alisogea mpaka karibu, akamshika shavu, akapapasa kama anatafuta mshono.

"Wewe una joto," akanong'ona.

"Ndiyo, dada."

"Sasa nimemwacha mama na nani?"

Wakasimama pale wawili, wameshikana mikono kama watoto, na kutoka ndani wakamsikia mama akicheka kicheko kidogo, cha kuchoka, na kusema, "Asante, mwanangu."

Aliyeletwa na dada anaitwa Fundi Friji. Ndiyo, fundi wa mafriji, usinitolee macho. Mafriji na viyoyozi ndivyo vinavyomlisha, na kwa wanaomjua anatoa majini. Mwenyewe anasema ni kazi moja. Mtu mnene, ana maringo, ubani anauweka kwenye mfuko mmoja na bisibisi. Alifika akipiga mluzi, akamtania dada, akauliza kama kuna chai. Alipofika mlango wa chumba cha mama, mluzi ukakauka.

Kwenye kiti hapakuonekana mtu. Lakini mto wa kiti ulikuwa umebonyea, na mbao za kuegemezea mikono zilikuwa zimeota barafu nyembamba, mchana kweupe, dirisha wazi. Na mkono wa mama, ule wa kulia, ulikuwa umenyanyuka juu ya blanketi. Haukuegemea kitu. Ulikuwa umeshikwa.

"Tangu lini?" Fundi Friji akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu msiba," dada akajibu.

Fundi akawasha ubani. Moshi ukapanda mpaka usawa wa kiti, ukasimama, ukashuka chini kama maji. Akautazama, akauzima kwa vidole.

"Watu wanadhani friji linaingiza baridi," akanong'ona. "Haliingizi chochote. Linatoa joto, basi; baridi ndiyo inayobaki. Hiki hakikuvunja mlango wenu. Kuna mtu kaacha mahali pake wazi, chenyewe kikakaa. Nikikifukuza na mahali pale pangali wazi, kitarudi kabla sijafika kituo cha basi." Akamgeukia Kapteni. "Mzee anakata roho, wewe ulikuwa wapi?"

"Angani," Kapteni akasema.

Barafu ikalia. Ikatambaa kwenye mbao za kiti mpaka kwenye shuka, na pumzi ya mama ikaanza kuonekana kama mvuke.

"Unanidanganya mimi, sawa, mimi nimezoea kudanganywa na wenye mafriji," Fundi akasema. "Lakini na chenyewe kinasikia. Kila ukidanganya kinakaa vizuri zaidi. Unamwona mama yako? Leo jioni hafiki."

Mama, macho yamefumba, akasema kwa sauti nyembamba, "Mwacheni mwanangu apumzike. Katoka mbali." Na uso wake alikuwa kaugeuzia kwenye kiti.

Kapteni akapiga magoti upande wa pili wa kitanda. Alielewa anachotakiwa kutoa. Siyo aibu yake peke yake. Ni ile jioni ya mama, ile mali ndogo aliyobaki nayo, ya mume aliyekwenda anatabasamu mkono wake ukiwa kwa mwanawe. Akiisema kweli anamponya, na anamfilisi.

"Mama, sikuwa ng'ambo," akasema. "Sijawahi kufika ng'ambo. Napakia mizigo kwenye uwanja wa mji mkubwa. Tangu siku ile mliyoniaga."

Mama akafumbua macho.

"Unapakia mizigo?"

"Ndiyo, mama."

"Hapo? Mji mkubwa wa hapo?"

"Dakika hamsini," akasema, na dakika zile hamsini zilimtoka kwa tabu kuliko uongo wote aliowahi kuusema.

Mkono wa mama ukaanguka juu ya blanketi. Kapteni akaushika upesi kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa kama umetolewa mtoni. Mto wa kiti ukainuka taratibu. Chini ya kitanda cha Kapteni, kule chumba cha pili, magurudumu yakatikisika, yakaja ukumbini, ta-ta-ta-ta, yakafika sebuleni kwenye mlango mkubwa wa mbele. Yakasimama.

Walisubiri. Hayakuvuka.

"Bado," Fundi Friji akasema. "Kimesimama mlangoni. Umebakiza kitu."

Dada alikuwa analia kimya kimya. "Kwa hiyo nilipokupigia, ndege ya huku ulikuwa unaiona," akasema. "Ukakaa huko, ukasubiri masaa yako ya uongo yatimie, baba anakuulizia. Ndivyo?"

Angeitikia. Ilikuwa aibu ya kutosha, yeyote angeridhika nayo. Lakini alikuwa amemshika mama mkono na ulikuwa haujapata joto.

"Sikusubiri huko, dada. Ulipokata simu nilipanda ndege ile ile. Nilitua hapa jua lipo. Nikafika mpaka mlango wa kutokea, madereva wa teksi wananiita, nikakumbuka nimesema asubuhi. Nikaogopa mtaniuliza nimetoka wapi. Nikarudi ndani. Nikakaa kwenye viti vya wanaosubiri wageni mpaka kukakucha."

Kutoka uwanja wa pale kwao mpaka nyumba ile, mtu akitembea kwa miguu na kusalimia kila anayemkuta hafiki amechoka. Dada akaweka kiganja mdomoni.

Mlangoni hapakusogea kitu. Palisikika pumzi tu, ndefu, yenye subira.

Mama alimtazama Kapteni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba anamtazama yeye mwenyewe, na macho yale hayakuwa na hasira, afadhali yangekuwa nayo.

"Malizia," akasema.

Kapteni akainamisha kichwa mpaka kikagusa ukingo wa kitanda, akaongea na godoro.

"Baba alinipigia. Nikiwa pale uwanjani. Hakupiga kwa mtandao, alipiga ile namba yangu ya zamani, niliyoondoka nayo hapa. Ningekuwa mbali isingeita. Nilidhani ni msimamizi wangu wa kazi, nikapokea bila kutazama, nikasema haloo. Akaniita jina langu. Siyo Kapteni, jina langu. Akasema, 'Kumbe namba hii bado inaita. Uko karibu, mwanangu?' Nikabana pua, mama. Nikamwambia, umekosea namba, mzee."

Dada akakaa sakafuni.

"Akaniomba radhi. Akasema, 'Samahani sana, bwana, nilikuwa namtafuta mtoto wangu.' Nikakata simu. Kwenye kiti cha pembeni yangu kulikuwa na mtu, sikumtazama, nilihisi baridi tu ubavuni. Akaniuliza, 'Huendi?' Nikamwambia siendi. Akasema, 'Basi nitakwenda mimi.' Akainuka na begi lake."

Magurudumu yakavuka kizingiti. Yakashuka ngazi moja moja, yakapita kokoto za mbele ya nyumba, yakakata kona barabarani, yakaisha. Harufu ya mafuta ikatoka kwenye mapazia kama imevutwa kwa kamba, na joto la mchana likaingia dirishani. Fundi Friji akafunga mfuko wake wa vifaa bila kuutazama, akatoka nje. Hakupiga mluzi.

Kapteni alibaki amepiga magoti. Kati ya viganja vyake mkono wa mama ulianza kupata joto, kidole kimoja kimoja, mpaka ukawa mkono wa mtu mzima wa afya. Ulipopata joto kabisa, mama akautoa mikononi mwake.